Kinanda Kilicholoweshwa

Kila alasiri, kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi kumi na wawili wa shule iliyokuwa juu ya gati la Homa Bay walijipanga kwenye mtungi wa maji na kusukutua vinywa. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa kikundi cha vinanda vya mdomo kilichoitwa Upepo wa Asego, kwa jina la kilima cha hapo, na Mwalimu Nicanor hakumruhusu yeyote kupuliza kinanda kwa kinywa kilichotoka kula. Kikundi kilianzishwa mwaka 1962. Sasa ulikuwa mwaka 1967, na Jumamosi kingeadhimisha miaka mitano kwa tamasha. Wazazi wote walisema watafika. Wazazi husema hivyo kila mara.

Zilpah, msichana wa darasa la sita, alikuwa amechaguliwa kufungua tamasha kwa kupuliza peke yake. Alhamisi aliruhusiwa kwenda na kinanda nyumbani ili afanye mazoezi. Njiani alitafuna muwa, kisha akaanza kupuliza.

"Hukusukutua," alisema Cephas, mwenzake wa kikundi.

"Mtungi uko shuleni, nami niko njiani."

"Haya. Midomo yako inapata sukari, kinanda kinapata gundi."

Kabla ya jua kutua, sauti mbili za chini zilikuwa zimenyamaza. Maji ya muwa yalikuwa yameganda kwenye ndimi ndogo za shaba zilizomo ndani ya kinanda. Zilpah aliona haya kuuliza. Sufuria iliyogandiwa na ugali huloweshwa; naye akakitia kinanda ndani ya karai la maji, akaenda kulala akiwa na matumaini ambayo hayakuwa na msingi wowote.

Asubuhi alikuta kipande cha mbao cha ndani, kilichochongwa kama kitana, kimevimba na meno yake yametokeza nje. Zilpah alifika shuleni mapema. Vinanda vyote vilifanana, na kila kimoja kilikaa katika mfuko wake wa kitambaa juu ya rafu. Alikitia chake katika mfuko wa Milka, akachukua cha Milka.

Alasiri, mazoezi yalipoanza, kinanda alichokitoa Milka mfukoni kilitoa mkoromo. Alipokisogeza mdomoni ajaribu tena, mbao ilimkata, damu ikatoka.

Mwalimu Nicanor alikichukua, akakikagua. "Milka, umekilowesha?"

"Hapana, Mwalimu. Sijakitoa hapa."

"Kinanda hakiendi ziwani chenyewe. Kesho utakaa pamoja na wasikilizaji."

Milka alijipangusa mdomo kwa mkono wa sare. "Mwalimu, mama anatoka mbali, kule Sori, kuja kunisikia."

"Basi atawasikia wengine."

Kisha Zilpah aliitwa apulize wimbo wa kufungua. Aliupuliza vizuri kuliko siku zote, wenzake wakampigia makofi. Milka naye alipiga makofi. Zilpah angeweza kustahimili lolote isipokuwa hilo. Aliketi, akasimama tena.

"Mwalimu, hiki ndicho kinanda cha Milka. Kilicholowa ni changu. Nilikula muwa, nikakilowesha, halafu nikavibadilisha asubuhi."

Mwalimu alikiweka chini kinanda kilicholowa.

"Unajua unachokipoteza?" aliuliza Mwalimu.

"Kufungua tamasha."

"Umejibu sawa. Milka, wewe ndiye utakayefungua."

Zilpah alimkabidhi Milka kinanda chake. "Nisamehe, Milka."

"Kwanza nione kama mdomo utapona," alijibu Milka. Baadaye kidogo akaongeza, "Ungeniambia ulikuwa na muwa, ningekuomba kipande."

Wengine walipoondoka, Mwalimu alimbakiza Zilpah. Alikifungua kinanda kilicholowa, akampa misumari midogo aishike kiganjani. Alizisafisha ndimi za shaba kwa kitambaa, akakausha mbao dirishani, mbali na jua kali, kisha akaipunguza meno kwa wembe, taratibu. Jioni kinanda kilirudisha sauti zote isipokuwa moja.

"Jumamosi utapuliza safu ya nyuma," alisema. "Sauti hiyo waachie wenzako."

Wazazi walifika, si wote, lakini wengi kuliko ilivyotazamiwa. Mama yake Milka aliketi mbele kabisa, na binti yake alifungua tamasha bila kukosea, mdomo wake ukiwa umepakwa mafuta. Nyuma, Zilpah alipuliza na wenzake. Kila sauti ile moja ilipofika alitulia, nao wakaijaza.

Baada ya tamasha alimfuata Mwalimu. "Je, bado mimi ni wa kikundi?"

"Ni wa kikundi. Nisikilize, Zilpah. Kwa muwa na karai ulikosea kwa kutojua, na hilo nimelitengeneza kwa alasiri moja. Kwa kubadilisha mfuko ulikosea ukijua, na hilo wembe wangu usingeweza kulitengeneza. Ungenyamaza, ningeendelea kumrekebisha Milka ambaye hakuwa na kasoro. Kusema kweli hakufuti kosa. Hutuonyesha tu mahali lilipo, ili tuanze kazi."

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Tutaona. Jumatatu uje mapema. Utawafundisha wanafunzi wapya namna ya kukitunza kinanda. Hakuna mwingine hapa anayejua vizuri kinavyoharibika."