Kasuku na Mtungi wa Moyo

Kila alasiri msichana mmoja wa darasa la sita alivua sare, akafunga kanga kuukuu, akaingia bandani kumsaidia bibi yake, mfinyanzi. Kazi yake ilikuwa kukanda udongo na kuutoa vijiwe. Nyumbani walimwita Kasuku, kwani kila alilolisikia alilitangaza. Majuzi mama yake alimkanya vikali kwa kupeleka siri za nyumbani kwa majirani, naye akaapa kufunga mdomo.

Siku hizo nyumba ilikuwa na msiba. Kaka yake bibi, aliyenyonya naye ziwa moja, alikuwa amefariki ghafla. Bibi aliwabembeleza waliolia, akawapikia waliokuja kuhani, lakini yeye hakudondosha chozi. Alisema amejipiga moyo konde.

Siku waliporudi bandani, bibi alikuwa akifinya shingo ya mtungi mara mkono ukalegea, mtungi ukabonyea. Alijishika kifua, jasho likamtoka, akahema kama aliyepanda mlima.

"Kiungulia tu, mjukuu wangu," alisema. "Usimwambie mama yako, msiba unamtosha. Au kasuku hana kufuli?"

Kasuku aliinamia udongo, akakumbuka kiapo chake. Alipoinua macho, midomo ya bibi ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Hapo akaacha kila kitu, akamkimbilia mama yake, mikono imejaa tope.

Hospitalini daktari alidhani kwanza kwamba mshipa wa moyo umeziba. Vipimo vikaonyesha mishipa i wazi. Msuli wa moyo wenyewe ndio uliodhoofika. Alieleza kwamba huzuni kubwa, hofu, hata furaha ya ghafla, huweza kuudhoofisha hivyo. Ugonjwa huo ukipuuzwa, maji huweza kujaa mapafuni, mapigo yakavurugika, au damu ikaganda ndani ya moyo. Lakini wagonjwa wengi wakitibiwa mapema hupona baada ya majuma machache. Kisha akawaonyesha picha: moyo umevimba chini, shingo nyembamba.

Bibi aliitazama kwa makini. "Huu ni mtungi," alisema. "Tena aliyeufinyanga hana mkono."

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Bibi naye akacheka, kisha akamlilia kaka yake mpaka moyo ukatua.

Aliporuhusiwa kurudi bandani, picha mpya ilikuwa imeonyesha moyo umerudia umbo lake. Kasuku alimwomba radhi kwa kutoa siri. Bibi alimkazia macho.

"Apelekaye maneno ili watu wagombane ni mmbeya. Asemaye ugonjwa ili mtu atibiwe ni mkweli. Mwongo nilikuwa mimi, niliyeuita msiba kiungulia. Mfinyanzi hulia gaeni, mjukuu wangu: niliwafuta wote machozi, yangu nikayafungia mtungini, na mtungi ukataka kupasuka. Sasa kanda udongo. Na siku ukiniona nahema, tangaza."