Pilipili Kwenye Mdomo wa Glasi

"Kipanga, mzigo uko ndani. Una dakika ishirini."

Sauti ya Mkuu ilitoka kwenye kidude kilichofichwa sikioni, chini ya kitambaa cha kichwa. Kipanga alikuwa jikoni anakata ndimu, na alivyoikata ungedhani ndimu ile imemtukania mama yake.

Mzigo ni memori kadi ndogo kuliko ukucha. Ndani yake majina ya wapelelezi kumi na wawili, la kwake likiwemo. Mwenye nyumba anauza. Mgeni mwenye kofia nyeupe ananunua. Kadi ikivuka geti, wote kumi na wawili ni maiti. Ila hakuna aliyejua imefichwa wapi.

Kipanga aliyajua yote hayo. Lakini macho yake yalikuwa sebuleni, kwenye mkono.

Mkono wa Tausi, mpelelezi mwenzake. Begani kwa Baba Pacha.

Ni kazi tu, Mkuu alimweleza asubuhi. Baba Pacha na Tausi wangeingia kama mume na mke, wageni waalikwa. Kipanga, mke halisi wa Baba Pacha kwa miaka kumi na tisa, angepitia mlango wa jikoni kama mhudumu wa vinywaji. Akauliza kwa nini isiwe kinyume chake. Mkuu akakohoa, akasema Tausi anapendeza kwenye gauni.

Bastola yake, Beretta, ilikuwa ndani ya aproni. Bahati ya Mkuu, alikuwa mbali.

Sebuleni mwenye nyumba alikuwa anajisifu. Kokteli za nyumbani hazitaki makuu, aliwaambia wageni. Chukua jin na toniki ya kila siku, badala ya barafu ya maji tia barafu ya kahawa nzito. Inavyoyeyuka, ladha inageuka. Akamkabidhi Kofia Nyeupe glasi kwa mkono wake mwenyewe.

Siku nyingine Kipanga angeliona hilo. Leo alikuwa anamsikiliza mumewe.

"Mke wangu huyu ni mtu wa margarita, ile kokteli ya tekila," Baba Pacha alisema, akimpapasa Tausi mgongo. "Namtilia asali, na ndimu nazichoma kidogo kwanza."

Kisu kikasimama.

Ndimu za kuchoma zilikuwa zake! Alizigundua mwenyewe, kwenye jiko lake, siku mapacha walipolala mapema.

"Kipanga, tulia," Mkuu akaonya sikioni.

"Nimetulia kama maji ya mtungini."

Akachoma ndimu. Akatikisa tekila na asali. Akachovya mdomo wa glasi kwenye chumvi, kisha akafungua kopo la pilipili ya unga. Kwa watu wengine hutosha kunyunyiza. Tausi alitiliwa kwa upendo. Akampelekea sebuleni mwenyewe.

Fundo moja tu. Tausi akatoa macho, akakohoa, akapapasa hewani, akanyakua glasi ya jirani.

Glasi ya Kofia Nyeupe.

Kofia Nyeupe akamrukia. Akampokonya, akaikumbatia glasi kifuani kama kichanga.

Wageni wakageuka. Bwana mzima, suti ya maana, anamnyima kinywaji mwanamke anayekata roho?

Ndipo Kipanga alipoiona barafu. Nyeusi tii. Haionyeshi kilichomo.

Beretta ikatoka.

"Weka chini, baba. Taratibu, usimwage."

Kofia Nyeupe akaipeleka barafu mdomoni. Baba Pacha akamdaka mkono. Mwenye nyumba akatimka kuelekea mlangoni. Tausi, machozi yakimtiririka, akatoa mguu, jamaa akaenda chini mzimamzima.

Kipanga akaponda barafu kwa mchi. Kadi ilikuwa humo, imefungwa kwenye nailoni.

"Kazi safi," Mkuu akasema sikioni. "Hiyo pilipili ilikuwa mbinu gani?"

"Ya kitaalamu. Andika hivyo hivyo."

Baba Pacha akamsogelea, kajawa na tabasamu la mtu anayejua kosa lake. "Mama Pacha, nitengenezee na mimi moja."

Kipanga akautazama mkono wake, ule uliopapasa mgongo wa watu.

"Mwambie mkeo."

Akavua aproni, akamtundikia begani, akatoka kwa mlango wa mbele.