Zamu ya Eike

Koki ya mafuta ilikuwa wazi tena.

Fergal Devenney alikuwa ameifunga mara tatu tangu asubuhi, akaikaza kwa spana mpaka viganja vikamuuma. Koki isipokaa imefungwa, afisa hasaini karatasi ya kuipokea nyambizi, na fundi haruhusiwi kutoka gatini. Na saa tisa alasiri, kanisani Derry, binti yake wa siku sita alikuwa abatizwe.

Nyambizi za Wajerumani zilijaa gati la Lisahally, bendera zimeshushwa, mabaharia wamepelekwa kambini. Katika hii aliyomo Fergal alibakizwa mmoja tu, Detlef Harms, awaelekeze mafundi mitambo.

"Unanichezea wewe?" Fergal alimuuliza.

"Nimekaa hapa ngazini muda wote, fundi. Umeniona."

"Basi inajifungua yenyewe. Vita mmeshindwa, sasa mmeamua kushindana na mimi."

Detlef hakucheka. Alikuwa anatazama chumba cha injini, na Fergal naye akasikia: nyayo, nzito, zenye maji, zikienda mpaka mwisho wa injini zilizozimwa tangu juzi, zikisimama, zikirudi, na pamoja nazo harufu ya dizeli ya moto iliyokuja ikimjaa puani na kooni mpaka akahisi anaimeza.

"Ni Eike," Detlef alinong'ona. "Alikufa zamuni, Machi, kwa moshi. Mimi ndiye niliyetakiwa kumpokea zamu. Nilichelewa."

"Mpokee sasa, tutoke humu."

"Sithubutu."

"Kwani inafanywaje?"

"Unamwambia zamu ni yako, aende akalale. Lakini sikiliza, fundi. Humu kila watu wawili tulikuwa na kitanda kimoja. Anayetoka zamu analala kwenye kitanda cha aliyempokea. Masaa manne, kisha anaamka, mnabadilishana."

Fergal alitazama saa. Nane na dakika ishirini.

"Zamu ni yangu," aliliambia giza, kwa hasira ya mtu anayefukuza mbwa jikoni. "Nenda kalale."

Nyayo zilikoma. Kitu cha baridi kilimpita begani, kikapanda ngazi. Detlef alikuwa amejifunika uso.

Koki haikufunguka tena. Afisa alisaini. Fergal alidandia lori la kwanza.

Nyumbani, mkewe Nuala alikuwa kando ya moto, mtoto kavishwa gauni jeupe, analia.

"Umeshaamka?"

"Niamke wapi? Ndiyo kwanza naingia."

"Acha masihara, Fergal. Nusu saa iliyopita umepita hapo bila hata salamu, umelowesha sakafu yote, ukaenda kulala. Nikasema nikuache, umechoka. Huyu ndiye hajanyamaza tangu hapo."

Fergal aliingia chumbani. Kitanda kilikuwa kitupu. Akapeleka mkono chini ya blanketi. Palikuwa na joto, na mto ulinuka dizeli.

"Padri anangoja," Nuala aliita.

Chini ya kiganja chake, godoro lilibonyea taratibu, kama mtu amejigeuza upande wa pili, mtu anayejua kwamba bado ana masaa matatu na zaidi kabla ya kuamka.