Vidonge vya Njano vya Clovis

Kila asubuhi kabla ya shule, Exaucée alikuwa na kazi mbili. Alimsaidia mama yake, Mama Simone, kufunga katika majani kwanga za kuuza, yaani mikate ya muhogo uliolowekwa majini, kisha akampa mdogo wake Clovis kidonge kimoja cha njano. Clovis alikuwa na miaka saba. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa ambao mtaani kwao Kisangani huitwa SS.

Macho yake yalikuwa ya njano, na watoto wa jirani walimwita Ndizi.

"Ndizi, umeiva lini?" walimwuliza.

Clovis alicheka nao, halafu akaja kulia kwa dada yake, aliyemwita Yaya. "Yaya, macho haya yatatakata lini?"

Exaucée akawaza. Kidonge ni cha njano, macho ni ya njano, na damu ni nyekundu. Tangu siku hiyo alivitupa vidonge chooni, akamnywesha Clovis maji mekundu ya ngai-ngai, yaani rozela, kama majirani wanavyomfanyia mtu aliyepungukiwa damu.

"Amemeza?" Mama aliuliza kila asubuhi.

"Amemeza, Mama."

Miezi miwili ikapita. Macho yalibaki vilevile, viganja vikawa vyeupe. Clovis akaacha kucheza, akaacha kula, na Jumanne moja akashindwa kusimama. Mama alimpakata nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria, na Exaucée akakimbia kando yake hadi hospitalini.

Dokta Micheline aliitazama karatasi ya maabara kwa muda mrefu. "Mama, vidonge anameza?"

"Kila siku, Dokta. Dada yake ndiye anampa."

"Basi hali ni mbaya. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Uboho wake umeshindwa kazi, na kama dawa anapata, huenda umeharibika wenyewe. Leo tutamwongezea damu ya mtu mwingine, lakini haitadumu. Lazima akapimwe Kinshasa."

Mama Simone alikaa sakafuni. "Kinshasa," alisema polepole. "Nitauza kwanga ngapi nifike Kinshasa?"

Hakulia. Alimtazama tu Clovis kama mtu anayeaga. Exaucée hakuweza kuvumilia macho yale.

"Dokta, miezi hii miwili hajameza hata kimoja. Nilidhani ndivyo vinavyomtia njano. Nilikuwa ninampa ngai-ngai."

"Miezi miwili ninakuuliza, Exaucée," Mama alisema. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali ampige.

Dokta alivuta kiti. "Mama, muhogo ukiutoa majini siku ya kwanza, kwanga inakuwaje?"

"Chungu. Hailiki."

"Chembe nyekundu za damu ni hivyohivyo. Huanza kwenye uboho zikiwa kubwa na changa. Hujigawa, hupungua ukubwa, hujaa rangi nyekundu, hutupa kiini chake, ndipo hutoka kwenda kwenye mishipa. Huchukua kama wiki moja. Za Clovis hufa mapema, na huko kuvunjika kwake ndiko kunakomtia njano machoni. Kwa hiyo uboho wake haupumziki. Kidonge hiki husaidia chembe kujigawa na kukomaa. Bila hicho hubaki mbichi, nyingi hufia humohumo ndani. Rangi ya ngai-ngai haigeuki damu."

"Atapona?" Exaucée aliuliza.

"Sijui bado. Tungoje."

Walimwekea Clovis damu, wakaanza vidonge upya. Siku ya tatu, hakuna badiliko. Siku ya tano Clovis alilala tu. Exaucée aliomba kimoyomoyo, akahesabu siku.

Siku ya tisa Dokta alirudi na karatasi nyingine. "Chembe mpya zinatoka, nyingi. Uboho uko hai. Kinshasa hamwendi."

Clovis alifumbua macho yake ya njano. "Yaya, kuna samaki?"

Dokta akamgeukia Exaucée. "Kutojua si dhambi, ungeniuliza. Lakini uongo wako ulinifanya nitafute ugonjwa usiokuwepo. Ukweli ulichelewa, lakini ndio uliomwokoa."

Nyumbani, kila asubuhi, Mama husimama mlangoni hadi Clovis ameze. Siku moja Exaucée alimwuliza, "Mama, bado huniamini?"

Mama aliendelea kufunga kwanga yake. "Hata kuaminiwa, mwanangu, kuna siku zake za kukaa majini."