Waya wa Kulia

Waya wa kulia ulipong'oka, Swalihu alikuwa ameketi ukingoni mwa mashua na spana namba kumi na tatu mfukoni. Spana hiyo ndiyo iliyoung'oa.

Ilikuwa saa tano asubuhi, wiki moja kabla ya Pasaka ya mwaka 1998, katikati ya bwawa la Mtera. Mvua za El Nino zilikuwa zimelijaza bwawa mpaka likameza mashamba na vichaka vizima. Upepo wa mashariki uliokuwa ukivuma kistaarabu tangu alfajiri ulikuja ghafla na mvua ndani yake, mashua ikalala ubavu, na bamba la chuma lililoushika ule waya likachomoka na kipande cha sitaha. Waya ukachapa hewani. Ulimpitia Swalihu sikioni, ukampata Mzee Bartolomayo chini ya goti.

Mzee hakuutazama mguu wake. Aliusukuma mkono wa usukani mpaka mwisho, mashua ikageuka nzima nzima, tanga likavuka juu ya vichwa vyao, na upepo uliokuwa ukiwapiga kulia sasa ukawapiga kushoto, upande wenye waya mzima. Mlingoti uliokuwa umeanza kuinama ukasimama tena. Ndipo Bartolomayo akakaa chini na kusema, "Mulungu wangu, nimekatwa."

Mashua yenyewe iliitwa Kiinua Mgongo, na jina hilo halikuwa na siri. Bartolomayo alikuwa amemfanyia kazi mhandisi mmoja mgeni wa bwawani miaka tisa, akajifunza kwake kusafiri kwa tanga. Shirika la huyo mhandisi lilipouzwa na wafanyakazi kupunguzwa, alichukua mafao yake yote akanunua mnadani ile mashua ya mashindano iliyoachwa na mhandisi: nyembamba, yenye mlingoti mrefu, na mkuku wa chuma chini ya tumbo ili isipinduke. Ndugu zake wa Chamwino walimwona amerukwa na akili. Mpinzani wake mkubwa alikuwa mfanyabiashara wa samaki wa upande wa Iringa, naye ana mashua yake, na Jumatatu ya Pasaka walikuwa wamepatana kushindana.

Swalihu yeye alikuwa fundi wa Kizota, mtoto wa mjini, mjukuu wa wafanyabiashara waliofika Dodoma na misafara. Maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona kabla ya hapo ni ya bwawa la Hombolo, tena kwa mbali, na kuogelea hakujui. Kazi yake ilikuwa kusimamisha minara ya redio koli, vinu vya upepo vya visima, na siku hizi televisheni ziliporuhusiwa, nguzo ndefu za antena kwa kila aliyenunua. Mnara wa Swalihu hauyumbi. Waya wake ukiugonga kwa spana unalia, na usipolia hapati usingizi. Ndiyo maana Bartolomayo alimwita aje kusimamisha mlingoti, kisha akamwomba abaki awe mtu wa pili wa mashua.

Asubuhi ile gatini mzee alizipima nyaya mwenyewe kwa kiganja. "Nimeziweka, fundi. Usiziguse tena."

"Sawa, mzee."

Lakini walipoondoka, upepo ukiwa kushoto, Swalihu aliuona waya wa kulia umelegea, unacheza. Alivumilia kidogo. Mzee alikuwa amekaza macho kwenye tanga, akitazama nyuzi nyekundu za sufu alizozibandika humo ili zimwonyeshe upepo unavyopita. Swalihu akachomoa spana, akakaza mizunguko miwili. Walipogeuza, ukalegea wa kushoto. Akaukaza na huo. Wakageuza tena, wa kulia tena. Hakuna aliyemwambia kwamba mashua si mnara, kwamba waya ulio upande usio na upepo hupumzika, na kila anapoukaza unapopumzika anaongeza mzigo kwa pande zote mbili. Au tuseme aliambiwa, kwa maneno mafupi kabisa, akayapuuza.

Sasa mzee alikuwa amelala sakafuni mwa mashua na damu ikichanganyika na maji ya mvua. Swalihu alivua shati, akalichana, akafunga juu ya kidonda, akaingiza spana kwenye fundo na kuanza kulisokota.

"Basi," Bartolomayo alisema. "Basi! Unataka kuua mguu? Legeza. Bana mpaka damu ikatae, usizidishe."

Akalegeza. Damu ikapungua, haikuisha.

"Turudi nyumbani, mzee."

"Nyumbani ni kaskazini. Tukielekea kule upepo unapiga kulia, na kulia hatuna waya. Mlingoti utaanguka." Alinyoosha mkono kusini, ambako mvua ilikuwa imeficha kila kitu. "Tunakwenda Iringa. Mwendo wa saa mbili, tukijaliwa. Shika usukani."

"Mimi?"

"Yuko mwingine?"

Swalihu akashika. Aliogopa, na aliona aibu kuliko hofu. Kwanza alilishusha tanga dogo la mbele kama alivyoamriwa, kisha akafundishwa kazi ya miaka tisa kwa robo saa. Nyuzi zikilala zimenyooka zote mbili, uko sawa. Wa ndani ukirukaruka, vuta kamba ya tanga. Wa nje ukirukaruka, iachie. Usibishane na upepo. Tanga likipiga makofi umelegeza mno, mashua ikilala sana umekaza mno.

"Vuta kidogo," mzee aliagiza macho yakiwa yamefumba. "Nasikia maji yanapita polepole. Tukichelewa nitakwisha hapa. Waya wa kushoto niliuweka vizuri, utastahimili."

Swalihu akautazama ule waya. Ulikuwa umekakamaa. Akatazama bamba lake pale sitahani, akaona skrubu mbili zimeinuka unene wa ukucha, na ufa mpya umezizunguka.

Angeweza kunyamaza. Mtu aliyelala pale hakuweza kuona, na aliamini kazi ya kiganja chake mwenyewe. Lakini akinyamaza, mzee ataendelea kuagiza kamba ivutwe, na bamba la kushoto litalifuata la kulia.

"Mzee, ule waya si kama ulivyouacha. Niliukaza. Wa kulia mara mbili, huu mara moja. Bamba lake limeanza kuinuka."

Mvua ilipiga sitaha. Bartolomayo alifumbua macho, akamtazama.

"Nilikwambia usiguse."

"Uliniambia."

"Kwa nini basi?"

"Ulikuwa umelegea, mzee. Sikuweza kuuona hivyo."

Mzee aligeuza uso akatema mate majini. Ilikuwa hasira, na Swalihu aliistahili. Aliporudi kusema sauti yake ilikuwa ya kazi tu. "Achia tanga nusu. Tutakwenda taratibu. Kila ukiona skrubu zinapanda, achia tena. Na uniambie. Usinifiche hata kitu kimoja."

"Sikufichi."

Wakaenda taratibu. Kila baada ya muda Swalihu alitaja skrubu, akataja damu, akataja rangi ya midomo ya mzee ambayo hakupenda kuitaja. Alimnywesha maji ya bwawa kwa kopo, yana tope lakini maji. Karibu na saa saba mvua ikapungua na ukingo wa kusini ukaonekana, na mbele yake miti. Ilikuwa migunga iliyokufa, mamia, imesimama ndani ya maji kutoka mbele yao hadi mbali magharibi, mingine vichwa tu, mingine imezama kiasi cha kuungoja mkuku. Katikati ya magogo, kitu kilichofanana na gogo kiliondoka chenyewe.

"Mamba," Swalihu alisema, maana alikuwa ameahidi kutoficha.

"Miti inaishia wapi?"

"Mashariki. Kama viwanja vitatu vya mpira."

"Basi lazima tugeuze, tupande upepo mpaka tuipite, tugeuze tena tushuke. Kipande kifupi, lakini upepo utapiga kulia." Alihema. "Chukua kamba iliyoinua tanga la mbele, inatoka juu ya mlingoti. Ifunge kulia kwenye pete ya chuma. Ndio waya wako."

Swalihu akaifunga. Kwa kuwa upepo ulikuwa bado kushoto, kamba ililegea mikononi mwake, inacheza kama ule waya wa asubuhi. Mikono yake ilijua la kufanya. Ilitaka kuvuta, kuongeza fundo, kuvuta tena mpaka ilie.

"Kiganja," Bartolomayo alisema kutoka chini. "Isukume kwa kiganja. Ikisogea upana wa kiganja, acha. Ukizidisha unalivuta bamba bovu la kushoto."

Aliisukuma. Ikasogea upana wa kiganja. Akafunga fundo, akaondoa mikono, na hilo lilimwia gumu kuliko mamba.

Kisha akasukuma usukani. Tanga likavuka. Upepo ukaingia kulia, kamba ikanyooka, ikakwaruza, ikavutika kidogo na kushika. Mlingoti ukainama kidogo, ukatulia. Alihesabu miti ikipita upande wa kulia, karibu kiasi cha kuigusa. Mti wa mwisho ulipobaki nyuma akageuza tena, ule waya wa kushoto ukapokea mzigo, skrubu moja ikaruka majini, zilizobaki zikashika. Nusu saa baadaye mkuku ulizama kwenye tope na mashua ikasimama.

Mfugaji aliyekuwa akinywesha ng'ombe aliacha fimbo, akaingia majini hadi kifuani. "Mbukwenyi!" aliwasalimu kwa Kigogo, akipaza sauti. Jina lake Methusela. Yeye na Swalihu walimbeba mzee hadi nchi kavu, wakamlaza kwenye mkokoteni wa punda, na kabla ya jua kuzama alikuwa zahanati anashonwa. Swalihu alishika mguu muda wote. Alilia pale, waziwazi, na hakuna aliyemcheka.

Mashindano ya Pasaka hayakufanyika. Mwezi wa nane Bartolomayo alifika Kizota na fimbo mkononi, akaweka bamba lililong'oka juu ya meza ya kazi.

"Nataka mawili. Manene."

Swalihu aliyachonga, akaenda nayo Mtera, akayafunga, akasimamisha mlingoti na kuziweka nyaya. Alipomaliza alikaa pembeni. Bartolomayo akachechemea gatini, akasukuma waya wa kushoto kwa kiganja, akasukuma wa kulia. Akarudia. Kisha akapapasa mifuko ya fundi wake, mmoja baada ya mwingine, pasipo haya yoyote.

"Spana iko wapi?"

"Nimeiacha Kizota."

"Panda twende," mzee alisema, akampa usukani.