Kiatu cha Kushoto Mlangoni

Nyie mnaopata kizunguzungu mkipanda stuli kubadilisha balbu, kaeni chini kwanza. Shule niliikimbia mapema, sikatai, lakini kwenye mapaa ya maghorofa mimi ndiye mwalimu mkuu. Mwanafunzi wangu alikuwa mmoja tu: Mjusi, mtoto wa mama mdogo, jitu zima linalofunga kamba za viatu mafundo mawili kama mtoto wa chekechea. Sote tulikuwa vibarua wa kufuta vioo, na jengo lile la ghorofa ishirini na mbili tulilijua ngazi kwa ngazi.

Jumapili ile ofisi zilikuwa zimefungwa, jua la alasiri linawaka. Tukapanda, mimi namcheka anavyohema.

Mlango wa paa hujifunga wenyewe, na kwa nje hauna kitasa. Ndiyo maana wapanda mapaa tuna sheria yetu. Kila anayepanda huvua kiatu cha kushoto akakibana mlangoni. Akishuka, huchukua chake. Ukikuta kiatu, ujue juu kuna mtu. Usikiguse.

Siku hiyo tulikuta kimoja, kimekauka kama ganda la muwa. Mjusi akataka turudi. Nikamwambia mwenye kiatu hiki alishazikwa zamani, nikakipiga teke kikaporomoka ngazini. Tukabana vyetu.

Juu hapakuwa na mtu. Tangi la maji, nyaya, upepo. Mjusi akasogea ukingoni kuutazama mji, na hapo utani ukanipanda kichwani. Nikarudi ndani kwa kunyata, nikachomoa viatu vyote viwili, mlango ukajifunga. Nilipanga kuhesabu hadi mia, nimsikie anavyobembeleza.

Nilipofika arobaini, akagonga. Taratibu.

"Kaka, fungua."

Nikaziba mdomo nisicheke. Sitini.

"Kaka." Sasa alikuwa ananong'ona, mdomo kwenye ufa wa mlango. "Tulipanda wangapi?"

"Wawili. Hata kuhesabu hujui?"



"Basi fungua. Polepole. Asije akasikia."

Nikafungua.

Hakuna mtu. Nikabana kiatu mlangoni, nikazunguka tangi. Nikachungulia kingo zote nne. Chini watu walikuwa wanapita na mambo yao, hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Nikamwita mpaka sauti ikanikauka.

Polisi walipekua wiki nzima, juu na chini. Hawakupata hata kifungo cha shati. Mama mdogo hajawahi kunigombeza. Kila nikipita kwake huniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, mwenzako umemwacha wapi?" Na mimi, mwenye mdomo mrefu kuliko ngazi, huinama kutazama viatu vyangu.

Siku hizi napanda peke yangu. Kila Jumapili nakibana kiatu cha Mjusi mlangoni, nakaa ngazini, nangoja. Nahesabu hadi mia. Nikimaliza naanza upya. Hakuna wa kumcheka, hakuna anayehema nyuma yangu.

Jumapili iliyopita usingizi ulinipitia. Nilipoamka, kiatu kilikuwa palepale. Ila kamba zake, nilizokuwa nimeziacha zinaning'inia, zilikuwa zimefungwa mafundo mawili.

Nikaingiza mkono ndani.

Kilikuwa bado na joto la mguu.