Dhiil ya Ebla

Chombo kilikuwa kikavu siku ya Jumatatu kilipowekwa kwenye rafu. Guleid mwenyewe alikigeuza juu chini akakigonga, na hakikutoka kitu ila vumbi la mkaa. Jumanne asubuhi alipofungua ofisi, kilikuwa kimelowa hadi shingoni, na chumba kizima kilinuka maziwa yaliyochacha.

Ilikuwa mwaka wa 1967, mjini Garissa, wakati wa vita. Guleid alikuwa karani na mkalimani wa mradi wa serikali wa kukusanya urithi wa utamaduni wa Kaskazini Mashariki kabla haujapotea. Mkubwa wake, afisa kijana msomi aliyeletwa kutoka Nairobi, aliiamini kazi hiyo kwa moyo wote. "Nchi yetu ni changa, Guleid," alipenda kusema. "Lazima ijue ina nini." Hakuuliza sana kwa nini vitu vilikuwa vikipotea. Guleid alijua. Watu walikuwa wamefungiwa katika vijiji vya kulindwa, nyuma ya miiba na seng'enge, na ngamia wao walikuwa wamepigwa risasi kwa madai kwamba waliwalisha waasi, mashifta.

Chombo hicho walikitoa katika kijiji kimojawapo, upande wa Modogashe. Kilikuwa dhiil, chombo cha maziwa cha kusukwa kwa nyuzi za mizizi, na mwenyewe alikuwa mama mzee aitwaye Ebla. Alikikumbatia, akamwambia afisa kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Hii si chombo ya kuangalia, bwana. Hii iko na mwenyewe. Yeye nakunywa kila siku." Afisa alitabasamu, akayaandika maneno hayo kwenye kadi, maana nayo yalikuwa sehemu ya utafiti. Askari aliyewasindikiza akanyoosha mkono, akakichukua.

Jumatano baada ya sala ya adhuhuri, saa ambayo jua la Garissa huwalaza hata mbwa, Guleid alibaki ofisini peke yake akipanga kadi. Akasikia mtu akimeza. Alidhani ni mlinzi anakunywa maji nje ya dirisha. Akachungulia, hakukuwa na mtu. Aliporudi kwenye kiti sauti ilikuwa chumbani, polepole, funda baada ya funda, kama ya mtu aliyevuka jangwa akakuta kisima kimebakiza tope, naye hakati tamaa bali anafyonza tope lenyewe, na kadiri Guleid alivyokaza macho kwenye ile rafu ndivyo nyuzi za dhiil zilivyokuwa zikitanuka na kunywea, zikitanuka na kunywea, hata akaacha kadi zote sakafuni akakimbilia nyumbani bila viatu.

Mkewe Maryan alikuwa ameketi mkekani, amempakata mtoto wao Gelle, wa miezi minne. Mtoto alikuwa akilia bila sauti.

"Guleid," Maryan alinong'ona, "maziwa yameniisha. Tangu jana. Nilidhani ni joto." Akaifungua shuka kidogo. Kifua chake kilikuwa kimekauka kama cha bibi kizee, na pande zote mbili kulikuwa na masizi meusi. "Tangu juzi, ikifika adhuhuri usingizi unanishika. Nikiamka nakuta hivi. Nimeosha kwa sabuni. Hayatoki."

Jirani yao Nafiso alileta maziwa ya mbuzi, ya moto kutoka kiweleni. Yaliganda mlangoni, kabla hayajafika mdomoni mwa mtoto.

Alhamisi Guleid alimwomba afisa chombo kirudishwe. Afisa alimhurumia, akamwambia ampeleke Maryan hospitali, lakini akatikisa kichwa. "Kikishaandikwa daftarini ni mali ya taifa. Mimi sina uwezo."

"Basi kaa nacho wewe, bwana. Adhuhuri moja tu."

Afisa alikaa. Haukupita muda mrefu akatoka, shati limemlowa jasho, akasimama barazani akishika nguzo. Aliomba kalamu, akamwandikia Ebla kibali cha kutoka kijijini.

Lori lilimleta Ijumaa. Wakamweka Maryan kwenye mkeka mbele ya rafu, mtoto akabaki nje kwa Nafiso. Ebla aliwasha ubani, akaketi, akamgusa Maryan paji la uso.

"Abaayo, dada yangu, usiogope," alisema. Kisha akaigeukia dhiil, akasema kwa Kisomali, taratibu, kama anayemwita mgonjwa: "Nimekuja. Zungumza na mimi."

Mdomo wa Maryan ulifunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yake wala ya mwanamke yeyote. Ilikuwa sauti ya mchungaji mzee, iliyopasuka kwa vumbi, na ilipokuwa ikitoka ule ubani ulizimika, na harufu ya maziwa machachu na damu ya mnyama ikajaa chumbani hata afisa akajiziba pua kwa kitambaa huku machozi yakimtoka.

"Ngamia wangu wako wapi?"

"Walipigwa risasi," Ebla alijibu. "Wote. Siku moja."

"Basi huyu ndiye ngamia wangu."

"Huyu si wako. Bibi yangu ndiye aliyefanya agano na wewe, si watu hawa. Rudi kwangu."

"Kwako kuna maziwa?"

Guleid alimwona Ebla akifumba macho. "Tutatafuta," alisema.

Maryan alianguka kwa ubavu. Ebla akaifunga dhiil ndani ya shuka yake, afisa asimzuie, akainuka kwa shida. Guleid alimsindikiza hadi kwenye lori, akataka kumshukuru.

"Usinishukuru," Ebla alimkatiza. "Sikumfukuza. Nimemchukua tu. Umeelewa tofauti?"

Guleid alielewa. Aliwakumbuka watoto aliowaona nyuma ya seng'enge. Angeweza kusema neno la kumzuia. Lori likaondoka, naye akarudi nyumbani, na jioni hiyo Gelle alinyonya mpaka akalala.

Barua za kuomba ngamia mmoja wa maziwa aruhusiwe kijijini, afisa aliandika tatu. Ilijibiwa moja: mifugo hairuhusiwi.

Mwezi wa tatu baada ya hapo, mradi ukaagiza nyimbo za wanawake, na Guleid akatumwa Modogashe na mashine ya kunasa sauti. Kibanda cha Ebla kilikuwa kimebomolewa. Wanakijiji walimwambia kwamba wiki moja baada ya kurudi alitoka langoni na chombo kifuani, akaenda kuketi peke yake kwenye mifupa ya ngamia, akisema anampeleka mwenye chombo mbali na watoto. Walimkuta siku ya nne, mwepesi kama ngozi iliyoanikwa. Dhiil hawakuiona.

Guleid aliwakalisha wanawake kivulini, akawasha mashine. "Tuanze na za kubembeleza watoto," alisema.

Mwanamke kijana wa mbele, aitwaye Arbia, alivuta shuka akajifunika kifua, lakini Guleid alikuwa ameshayaona masizi.

"Hapa hakuna wa kuimbiwa," alisema.

Guleid alinyoosha mkono aizime mashine, akaurudisha, mashine ikaendelea kuzunguka.